Farasi Hutunzwa kwa Jicho la Saisi

Farasi hatapiki. Akishameza, chakula hakina njia ya kurudi, kwa kuwa msuli unaofunga mlango wa tumbo lake una nguvu nyingi mno. Akila nyasi zenye ukungu, au nafaka nyingi kwa mkupuo mmoja, chakula na gesi hubaki humo humo vikisukumana, na tumbo huanza kumsokota. Msokoto wa tumbo ndio unaoogopwa kuliko maradhi mengi katika mabanda ya farasi. Unaweza kuanza saa mbili za usiku, na kufikia alfajiri mnyama wa kilo 500 aliyeshinda mzima jana yake amekufa.

Tumbo lenyewe ni dogo. La farasi mkubwa hubeba lita 8 hadi 15, ilhali chumba cha kwanza cha tumbo la ng'ombe kinaweza kubeba lita 100 na zaidi. Ng'ombe hula akashiba, kisha akajilaza kivulini kucheua. Farasi hacheui. Aliumbwa kula kidogo kidogo mchana na usiku, na akiachiwa malishoni hutumia hata saa 16 kwa siku akichuma nyasi. Asidi ya tumbo lake haingoji chakula. Hutoka muda wote, na tumbo likikaa tupu kwa saa nyingi, asidi hiyo huchoma kuta zake na kuacha vidonda.

Anayeyaelewa mambo hayo mawili, tumbo dogo na chakula kisichorudi, ameshaelewa nusu ya kazi ya kufuga farasi. Saa za kulisha, mpango wa banda, hata saa ya kulala ya mtunzaji, vyote hutokana na hapo. Na anayevishika vyote hivyo kila siku, mara nyingi, si mwenye farasi wala si anayempanda. Ni saisi.

Nchini Kenya, masaisi utawakuta Karen na Lang'ata jijini Nairobi, na kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Road ambao umetumika tangu 1954. Wako Naivasha, Gilgil, Molo na Laikipia. Ng'ambo ya mpaka wako Arusha na chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako wageni hupanda farasi kwenda kutazama mbuga. Watu hufika uwanjani Jumapili kumshangilia farasi anayeongoza na mpanda wake aliyevaa rangi za kuvutia. Kazi iliyomfikisha farasi huyo pale ilianza gizani, na aliyeifanya hatajwi kwenye kipaza sauti.

ALFAJIRI BANDANI

Saisi hodari haanzi kwa kushika ndoo. Husimama mlangoni akatazama. Jana usiku aliacha nyasi na maji; je, vimeliwa na kunywewa? Farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku kutegemea joto na kazi, kwa hiyo ndoo iliyojaa alfajiri ni habari mbaya. Kisha huangalia kinyesi. Farasi mwenye afya hujisaidia mara 8 hadi 12 kwa siku, na mavi yake ni matonge yanayovunjika yakigonga sakafu. Yakiwa machache, madogo na makavu, ama maji hayatoshi ama utumbo umeanza kuziba. Halafu mwenendo. Farasi anayegeuka kutazama ubavu wake, anayejipiga teke tumboni, anayejilaza na kuinuka na kujilaza tena, huyo ana msokoto. Saisi hamngoji mwenye mali aamke. Huondoa chakula, hupima joto, humpigia simu daktari wa mifugo.

Vipimo vya farasi aliyetulia huvijua kwa kichwa: joto kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, mapigo ya moyo kati ya 28 na 44 kwa dakika, pumzi kati ya 8 na 16. Mapigo huyahesabu kwa vidole viwili chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa. Hubonyeza fizi kwa kidole gumba mpaka pakawa peupe, kisha huachia. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ikichelewa, damu haizunguki ipasavyo, na daktari anahitaji kuambiwa hivyo kwenye simu, kabla hajawasha gari.

Baada ya hapo ni kwato. Saisi husimama ubavuni akielekea mkiani, hupitisha mkono kutoka begani hadi chini ya goti, na farasi aliyefunzwa huinua mguu mwenyewe. Kwa chuma kilichopinda, saisi huchokoa matope na mavi kutoka kisigino kuelekea ncha ya ukwato, asije akaichoma ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati ya wayo. Kisha hunusa. Harufu ya kuoza, pamoja na ute mweusi kandokando ya pembetatu hiyo, humwambia kwamba banda lina unyevu na ukwato umeanza kuharibika. Huweka kiganja juu ya ukuta wa ukwato. Ukiwa na joto kuliko zile tatu nyingine, kuna usaha au uvimbe ndani. Farasi aliyekula nafaka kupita kiasi, au majani mabichi yenye sukari nyingi, huvimba humo ndani ya ukwato, mahali pasipo na nafasi ya kuvimba. Maumivu humfanya asimame ameegemea visigino, na wengine hawapandiki tena.

Ukwato hukua kama ukucha wa binadamu, milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kwa hiyo kila baada ya wiki 6 hivi fundi wa kwato huitwa kukata, kupiga tupa na, kwa farasi wa kazi, kupigilia viatu vya chuma. Misumari hupita kwenye ukuta wa nje usio na hisia. Msumari ukielekea ndani kidogo tu, kesho farasi atachechemea, na wa kwanza kuuona mchechemeo huo ni yule anayemtoa bandani kila asubuhi.

Meno nayo huendelea kuchomoza kwa miaka mingi ya maisha ya farasi, yakisagwa na nyasi. Hayasagiki sawasawa, na kingo zake hugeuka kuwa makali yanayokata shavu na ulimi. Saisi akiona matonge ya nyasi yaliyotafunwa nusu yakidondoka sakafuni, au farasi anayerusha kichwa kila lijamu linapovutwa, anajua ni wakati wa daktari kuja na tupa ya meno. Wengi humwita angalau mara moja kwa mwaka bila kungoja dalili.

VISUBI VYA MACHWEO

Farasi wengi wa Afrika Mashariki wanaishi nyanda za juu, na sababu kubwa ni maradhi. Mbung'o hueneza nagana, kupe huleta homa inayoharibu damu, na lililo kubwa kuliko yote ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huu ni ugonjwa wa virusi unaoweza kuua farasi 9 kati ya 10 ambao hawajawahi kuugua wala kuchanjwa. Mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, au mashimo yaliyo juu ya macho huvimba na kufutika.

Maandishi ya zamani yanayohusishwa na ugonjwa huu yanatoka upande wetu wa dunia. Mreno Francisco Barreto aliondoka Lisbon mwaka 1569 akiongoza msafara kuelekea bara kupitia mto Zambezi, akifuatana na Padri Monclaro aliyeandika habari za safari hiyo. Walipofika Sena, watu na farasi walianza kufa. Wareno waliwashuku wafanyabiashara Waislamu wa Uswahilini kwamba wametia sumu, wakawaua. Leo wataalamu huhusisha vifo vya farasi wale na maradhi ya wadudu. Watu walipoteza maisha kwa sababu hakuna aliyejua farasi anauawa na nini.

Anayeeneza ugonjwa wa farasi ni kisubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayezaliana kwenye matope yenye mavi na kuuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri. Pundamilia huubeba ugonjwa huo bila kuugua, na punda huugua kidogo tu. Mwaka 2020 virusi hivyo viliingia Thailand, nchi ambayo haikuwahi kuwa navyo, na zaidi ya farasi 500 wakafa. Hakuna dawa ya kuviua. Kuna chanjo, ambayo kwa miaka mingi imetengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, na kuna nidhamu. Ndiyo sababu saisi anayejua kazi yake huwaingiza farasi bandani kabla jua halijazama, hasa baada ya mvua kubwa, hata kama malisho bado ni mazuri na mwenye farasi anapenda kuwatazama wakitembea jioni.

KUJENGA BANDA KWA KUMFIKIRIA FARASI

Wengi wanaojenga banda huanza na ramani ya kupendeza kwa macho: matofali, lango la upinde, vyumba vilivyofungwa vizuri. Farasi hana haja na hayo. Anahitaji hewa, sakafu kavu, nafasi ya kujilaza na kuinuka, na mwenzake wa kumwona.

Chumba cha farasi mkubwa kwa kawaida ni mita 3.6 kwa 3.6. Kikiwa kidogo, hujiviringisha akakwama miguu ikielekea ukutani, asiweze kuinuka. Mlango uwe na upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 2.4 hivi, uteleze kando au ufunguke kwa nje, ili farasi aliyelala karibu nao asiuzuie kufunguka. Paa la mabati liinuliwe zaidi ya mita 3 na liachwe mwanya juu kabisa, joto na harufu ya mkojo vitokee hapo. Ile harufu kali inayochoma macho asubuhi ni amonia, na huchoma mapafu ya farasi kabla ya macho ya binadamu, kwa sababu farasi hulala na kula pua ikiwa karibu na sakafu. Ukitaka kujua kama banda lako lina hewa, chuchumaa pale alipolala, vuta pumzi.

Hapa pana ugumu wa kweli kwa mjenzi wa Afrika Mashariki. Banda lililo wazi lina hewa nzuri, lakini visubi huingia. Banda lililofungwa huzuia visubi, lakini farasi hukohoa. Njia ya kati ni kuacha madirisha makubwa na kuyawekea wavu mwembamba zaidi ya chandarua cha kawaida, kwa kuwa kisubi hupita matundu ambayo mbu hapiti. Feni husaidia pia, maana kisubi hana nguvu ya kuruka penye upepo. Muhimu kuliko vyote ni mahali. Jenga kwenye mteremko mdogo, mbali na kinamasi na kisima kinachovuja, na mifereji ipeleke maji mbali na kuta.

Tandaza maranda ya mbao au nyasi kavu, kwa unene unaomfanya farasi athubutu kujilaza. Anaweza kusinzia amesimama, lakini usingizi mzito huupata akiwa amelala chini, na banda gumu humnyima usingizi huo hadi miguu ikalegea mchana. Usiweke ghala la nyasi chini ya paa moja na farasi. Marobota yaliyofungwa yakiwa na unyevu hupata joto ndani kwa ndani, na yanaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Kwa kila farasi tenga pia mahali pa samadi, kwa maana hutoa kilo 20 na zaidi kwa siku, yaani zaidi ya tani 7 kwa mwaka. Rundo hilo likae mbali na banda na lifunikwe. Mkulima wa mboga jirani atalifurahia.

Kuta kati ya vyumba ziache nafasi ya kuonana. Farasi ni mnyama wa kundi. Anayefungiwa peke yake ndani ya kuta nne huanza kuyumba huku na huku mlangoni, au kung'ata mbao na kumeza hewa, na tabia hiyo ikishakomaa haiondoki kirahisi. Uwanja wa nje uzungushiwe mbao au uzio unaoonekana vizuri. Seng'enge iondoke kabisa: farasi anaposhtuka hukimbia kwanza ndipo akatazama, na miiba ya waya huchana ngozi na mishipa ya mguu kiasi kisichoshoneka.

KUMFUNZA BILA KUMTISHA

Kushtuka huko si ujinga. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na huona karibu duara lote, isipokuwa nyuma ya mkia wake na mbele kabisa ya paji lake. Ndiyo maana saisi humkaribia begani huku akimsemesha, na anapopita nyuma hupita akiwa amemgusa kabisa, au mbali kabisa, mahali teke lisipofika.

Mafunzo huanzia ardhini: kuvaa kamba ya kichwani, kuongozwa, kusimama akifungwa, kuinua miguu, kuingia kwenye lori. Kisha huzungushwa kwa kamba ndefu, akijifunza sauti za kutembea, kwenda matiti, kwenda shoti na kusimama. Siri ya yote ni kuachia kwa wakati. Mpanda akibana kwa miguu na farasi akapiga hatua, miguu iachie papo hapo, kwa sababu farasi hujifunza pale shinikizo linapoondoka. Anayeendelea kubana humzoesha kutosikia, halafu hutafuta fimbo. Farasi wengi wanaoitwa wakaidi wamefundishwa ukaidi huo na watu wenye haraka, na haraka haraka haina baraka.

Mifupa ya mgongo wa farasi hukamilika kukomaa anapofika miaka 5 au 6, hivyo wa miaka 3 apandwe kidogo na kwa muda mfupi. Watunzaji wengi hushika kanuni ya kutompa mzigo unaozidi asilimia 20 ya uzito wake, mpanda na tandiko pamoja: kilo 100 kwa farasi wa kilo 500. Na tandiko likitolewa, saisi hukagua jasho mgongoni. Doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa huonyesha mahali tandiko linapobana hata jasho halitoki. Bila saisi wa kuliona doa hilo, kidonda hufuata.

Historia ya Kenya inamkumbuka Beryl Markham, aliyekulia Njoro katika shamba la baba yake mfunza farasi, akapata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa bado msichana, na mwaka 1936 akavuka Atlantiki kwa ndege akiwa peke yake. Alifanya kazi ya farasi pamoja na Arap Ruta, Mkalenjin waliyefahamiana tangu utotoni, na katika kitabu chake alimtaja kwa heshima. Masaisi wengi waliokuja kabla na baada ya Arap Ruta hawakupata hata mstari mmoja. Ushindi uliandikwa kwa jina la mwenye farasi, mfunzaji na mpanda.

SAISI APEWE HAKI YAKE

Mali bila daftari hupotea bila habari, nao usemi huo unaifaa kazi hii. Kila farasi awe na daftari lake: tarehe za chanjo, dawa ya minyoo, fundi wa kwato, meno, joto la mwili, kiasi cha nyasi na siku alizokataa kula. Farasi wa kilo 500 anahitaji kilo 7.5 hadi 10 za nyasi kavu kila siku, na gharama hiyo haisimami mwezi ambao mwenye farasi hana pesa wala msimu ambao mvua imekosa. Anayefikiria kununua farasi apige hesabu ya nyasi, chanjo, daktari na mshahara wa saisi kwa miaka 20 au zaidi, kwa sababu farasi anayetunzwa vizuri huishi hadi hapo na kupita.

Ujuzi huu wa macho, pua na viganja unafaa hata nje ya mabanda ya kifahari. Punda wa Lamu na wa mikokoteni ya bara ana ukwato, meno na mgongo unaoumia kwa njia zile zile, na mwenye punda atakayejifunza kuchokoa kwato na kukagua doa la jasho atapata mnyama mwenye kufanya kazi miaka mingi zaidi.

Masaisi wengi wamejifunza kazi kwa kumfuata baba, mjomba au jirani bandani. Wanajua mengi, na mara nyingi wanalipwa kama vibarua wa kuzoa samadi. Wanafanya kazi kando ya mnyama anayeweza kuvunja mguu wa mtu kwa teke moja. Mwenye farasi anaweza kurekebisha hilo mwezi huu: mkataba ulioandikwa, viatu vigumu, bima ya ajali, siku ya mapumziko, na ruhusa ya kumwita daktari usiku bila kuomba idhini. Vyuo vya ufundi vilivyo karibu na Nairobi, Naivasha na Arusha viwatafute masaisi wazee wawafundishe vijana, na vijana hao wapewe cheti kinachotambulika. Anayejenga banda jipya amwonyeshe saisi ramani kabla ya kumwonyesha fundi. Na mzazi anayempeleka mtoto kujifunza kupanda amwombe saisi amfundishe kwanza kupiga brashi, kuchokoa kwato na kuangalia ndoo ya maji. Mtoto akishayajua hayo, apewe tandiko.